Pikipiki Inapokataa Kutulia
Imekuwa ada miongoni mwa waendesha bodaboda wa Migori na Homa Bay, tangu vumbi la machimbo ya Macalder hata mwalo wa Mbita, kwamba pikipiki ikianza kutetemeka na kuzimika kila isimamapo kungoja abiria, hukazwa skrubu ya mwendo ili injini ingurume kwa nguvu, jambo ambalo, kwa rai yangu, ni kuyaficha maradhi badala ya kuyatibu, na petroli huteketea bure. Fundi stadi hutangulia kusafisha chujio la hewa, akakagua mpira uunganishao kabureta na injini usiwe na ufa, kisha akaizibua kwa pampu ile jeti ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake huzibwa hata na chembe moja ya taka. Ndipo, injini ikiisha kupata moto na kuzimwa, huifunga taratibu skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, akairejesha nje yapata mzunguko mmoja na nusu, akaiwasha tena na kuipinda kidogo kidogo, sikio likisikiliza kwa makini, hadi mngurumo uwe laini, hapo tena akaulegeza mwendo hata mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Kazi hiyo, mpira ukiwa mzima, haihitaji kipuri kipya, ila bisibisi, pampu, subira na sikio, nami naona kila mwendeshaji ana haki ya kuidai kwa fundi wake.