Fiziotherapia: Dawa Yake ni Mazoezi

Mwezi huu tunaongelea kazi ambayo wengi tunaiona lakini hatuielewi vizuri: fiziotherapia.

Sisi walimu tunasikia mzazi anasema, "Nilimpeleka mtoto, wakamkunjakunja miguu tu, hata kidonge hawakutupa. Sirudi tena." Basi mtoto anabaki ndani ya nyumba, na darasani hatumuoni. Kumbe yale mazoezi ndiyo dawa yenyewe!

Mtaalamu wa fiziotherapia ni nani? Ni mtu aliyesomea jinsi mifupa, misuli, viungo na mishipa ya fahamu vinavyofanya kazi. Kwanza anapima: goti linakunjika mpaka wapi, mkono una nguvu kiasi gani, mgonjwa anasimama mwenyewe au hapana. Halafu anapanga mazoezi ya mtu huyo, siyo ya kila mtu. Anafundisha pia kutembea na magongo na kutumia kiti cha magurudumu.

Anasaidia nani?

- Aliyevunjika na kutolewa plasta, kiungo kimekakamaa.
- Aliyepata kiharusi, upande mmoja umelegea.
- Mtoto aliyeungua. Kovu linavuta ngozi, na kiwiko kinaweza kubaki kimekunjika. Ndiyo maana mazoezi huanza mapema.
- Mtoto aliyezaliwa na nyayo za kifundo. Akiletwa akiwa mchanga, hufungwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, halafu huvaa viatu maalum vya kulalia kwa miaka kadhaa. Wengi wanatembea vizuri.
- Mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Hali hii haiishi, ila anaweza kujifunza kukaa vizuri au kushika kijiko. Kwa mama anayembeba kutwa, hilo siyo jambo dogo.

Wengine wanasema ni kukanda tu. Hapana. Kukanda mfupa uliovunjika kunaweza kuharibu zaidi. Mpeleke kituo cha afya kwanza.

Kazi hii ina historia na wakimbizi. Mwaka 1982, huko Thailand, wakimbizi wa Kambodia walikuwa wamekatika miguu kwa mabomu ya ardhini. Madaktari kutoka Ufaransa wakaanza kuwatengenezea miguu ya bandia kwa vifaa rahisi vya hapohapo. Ndivyo lilivyoanza shirika la Handicap International, ambalo tangu 2018 linaitwa Humanity & Inclusion. Lakini mguu wa bandia peke yake hautembei. Mtu lazima afundishwe kusimama nao.

Na ninyi wanafunzi, msidharau Biolojia, Kemia na Fizikia. Ndiyo mlango wa kazi hii. Tanzania, kwa mfano, inafundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Sasa nyumbani tufanye nini? Tusiruke tarehe tuliyopewa. Tuulize zoezi ni mara ngapi kwa siku, na tulifanye mbele ya mtaalamu atuone kama tumeshika. Kiungo kikivimba au maumivu yakizidi, tuache na turudi kwake. Baba, kaka na dada wajifunze pia, mama asiachiwe peke yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Leo mtoto anakaa kwa kuegemea, kesho anakaa mwenyewe, na siku moja tunamwandikia jina kwenye daftari la mahudhurio. Mleteni, tunamsubiri.

Tukutane mwezi ujao.