Baba Aliyesimama Kando ya Mtoto Njiti



Nchini Marekani, mwaka 2022, takriban watoto 15 kati ya kila 100 wa akina mama Weusi walizaliwa kabla ya wiki 37. Kwa akina mama Wazungu walikuwa kama 9. Maana yake ni kwamba akina baba Weusi wengi wanakesha wakimtazama mtoto njiti kwenye inkubeta, mirija puani, huku mama naye bado kalazwa. Nani anamuuliza baba huyo hali yake?

Mara nyingi hakuna. Dodoso maarufu la kupima sonona baada ya kujifungua, lile la Edinburgh la mwaka 1987, lilitungwa kwa ajili ya mama. Sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 za likizo ya kifamilia, lakini bila mshahara, tena haiwabani waajiri wote. Kodi ya nyumba haingoji mapafu ya mtoto yakomae. Basi baba anarudi kazini, jioni anapita hospitali, anasimama kando asiwazuie manesi. Naye ni Mweusi: anajua akipandisha sauti kwa hofu, wengine wataona ukali. Ananyamaza.

Ukimya huo hupewa nguvu hata mimbarini. Mtakatifu Yosefu husifiwa kwa kuwa hasemi neno hata moja katika Injili, kisha wanaume huambiwa wamwige. Lakini Mathayo anaandika pia kwamba Yosefu aliogopa aliposikia Arkelao anatawala Uyahudi. Hofu ile haikumpunguzia ubaba. Alionyeshwa njia ya Galilaya.

Kanisa la kule lina watu wa kuanza nao. Upo udugu wa Knights of Peter Claver, ulioanzishwa Mobile, Alabama, mwaka 1909 kwa ajili ya Wakatoliki Weusi. Mwanamume aliyewahi kulea njiti akiketi na mwenzake nusu saa, atamfungua kinywa kuliko karatasi ya maswali. Hatusemi achukue nafasi ya mtaalamu. Sonona ni ugonjwa, na padre anayempeleka baba kwa daktari hajapungukiwa imani.

Nasi waseminari, popote tutakapotumwa, tutaitwa wodini usiku kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa. Tukishabatiza tusikimbilie gari. Tumuulize baba amekula lini, na usiku huu atalala wapi.