AI kwenye simu yako: iulize nini, usiiulize nini

Machi 2025, Malawi ilizuia kuingizwa nchini humo kwa unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Aprili, Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Mapema Mei, Tanzania ikaondoa zuio lake. Kwa mfanyabiashara wa Isongole kule Ileje, au anayesubiri hapa Tunduma mzigo wa Afrika Kusini unaopitia Zambia, jibu la swali "mzigo wangu utapita?" lilibadilika ndani ya wiki chache.

Sasa chukulia umeiuliza swali hilo akili mnemba, hii tunayoiita AI, kupitia programu kama ChatGPT. Inaweza kukujibu kwa Kiswahili safi na kwa kujiamini, huku ikitumia habari za kabla ya zuio. Ndizi zikiozea kwenye fuso, hasara ni yako.

Kwa nini inakosea

Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi sana. Ukiuliza, hutunga jibu neno baada ya neno, kwa kufuata jinsi maneno yalivyopangika katika maandishi hayo. Mafunzo yake yana tarehe ya mwisho. Baadhi hutafuta kwanza mtandaoni kabla ya kujibu, lakini bei ya debe la mahindi sokoni leo asubuhi huenda haijaandikwa popote. Ikikosa habari, mara nyingi haisemi "sijui". Hutunga kitu kinachofanana na jibu. Kwa Kiswahili hatari inaongezeka, kwa sababu maandishi yetu mtandaoni ni machache kuliko ya Kiingereza.

Kwa hiyo itumie kwa kazi ambayo wewe mwenyewe unaweza kuikagua.

Inasaidia wapi

Inafaa kuandika barua ya kuomba kazi, kufupisha tangazo refu, au kutafsiri ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mteja wa Nakonde. Ukisoma, utaona kama imeandika ulichokusudia. Ikikupigia hesabu, zirudie kwa kikokotoo cha simu.

Usiitegemee peke yake kwa bei ya leo, masharti ya mpaka, kipimo cha dawa ya mimea au matibabu ya mtu. Masharti ya mpaka waulize maofisa wa TRA na wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mkulima wa kahawa Mbozi ana kituo cha utafiti cha TaCRI pale Mbimba. Wa mahindi ana afisa ugani. Kipimo cha dawa kimeandikwa kwenye chupa, na AI ikitaja kingine, fuata cha kwenye chupa.

Namna ya kuuliza

Ukiandika "mahindi yangu yana wadudu", utapata jibu la jumla. Andika hivi: "Nalima mahindi Mbozi, Tanzania. Yana wiki nne. Majani yana matundu na kuna kinyesi kama unga wa mbao katikati ya mmea. Nitajie wadudu wanaoweza kusababisha hali hii, na dalili ya kumtofautisha kila mmoja." Hapo umeiomba ikupe dalili za kwenda kukagua shambani. Ikitaja viwavijeshi vamizi, fungua majani ya katikati uone kama wapo, kisha mwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua dawa.

Picha za kutengenezwa

Programu za picha nazo hutunga. Ni nzuri kwa kupamba bango la saluni au kadi ya harusi. Lakini bidhaa unayouza, ipige picha mwenyewe. Mteja akitumiwa picha ya mchele uliotengenezwa na mashine, kisha akapokea mwingine, hatarudi.

Kwa picha unazopokea kwenye magrupu, angalia maandishi ya mabango, namba za magari na vidole vya watu. Yakiwa yamevurugika, ishtukie. Yakiwa sawa, bado usiamini moja kwa moja, maana programu mpya zinakosea kidogo. Jiulize: imepigwa wapi, lini, na nani? Ikidai mpaka wa Tunduma umefungwa, mpigie simu mtu aliyepo mpakani. Na kumbuka, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka adhabu kwa anayechapisha kwa makusudi taarifa anayojua ni ya uongo ili kupotosha umma.

Siri zako

Unachoandika humo kinapelekwa kwenye mitambo ya kampuni husika, mara nyingi nje ya nchi. Usiweke namba ya NIDA, namba ya siri ya pesa za simu, wala picha ya cheti cha hospitali cha mtu mwingine. Ukitaka msaada wa barua, weka jina la kubuni, kisha jaza la kweli mwenyewe.

Kama hujapakia programu yoyote, mwombe kijana wa nyumbani akuonyeshe, na mwanzo iulize jambo unalolijua vizuri: namna ya kupika kande, au historia ya kijiji chako. Hesabu makosa yake. Utajua haraka ni kiasi gani cha kuiamini kwenye mambo usiyoyajua.