Taka Zitengwe Majumbani Kabla ya Kufika Jaani

Aghalabu watu wa Mombasa wanapolalamikia taka, malalamiko yao huwa juu ya gari la kuzoa lisilofika kwa wakati, au jaa lililofurika hata likaziba njia, na lawama zote huelekezwa kwa kaunti. Na ingawa lawama hizo zina haki yake, mimi naona asili ya adha hii imo majumbani mwetu, katika ile ndoo moja tunayotia kwa pamoja maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, chupa za plastiki, nepi za watoto, betri zilizokwisha na gilasi zilizovunjika, kisha tukaitoa nje kana kwamba vyote hivyo ni jinsi moja.

Taka si jinsi moja. Zilizo nyingi kabisa katika miji yetu, zaidi ya nusu ya uzito wa zote, ni zile zinazooza, yaani mabaki ya chakula na ya mimea, ambazo zikiwekwa mbali na nyingine hulisha mbuzi au hugeuka mboji ya kurutubisha ardhi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na tadbiri nzuri katika jambo hili: makumbi ya nazi yalifukiwa katika matope ya ufukoni hata yakalainika, yakapondwa, ukapatikana usumba wa kusokotea kamba, vifuu viliwashiwa moto, machicha wakapewa kuku, na kilichosalia kikatupwa penye mgomba. Kisha ziko plastiki, karatasi, mikebe na vyuma chakavu, ambavyo vina wanunuzi wake maadamu havikuloa wala kupakaa uchafu. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa vipande vya ndara takriban 30,000, na mwaka 2019 likatweka tanga likasafiri hadi Unguja.

Ama taka za sumu ni baabu nyingine, na hapa hatuna budi kuikumbuka Owino Uhuru, mtaa wa mafukara katika Mombasa hii hii, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo, na sumu yake ikaingia katika hewa, udongo na maji, hata ikaonekana katika damu ya watoto. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alisimama na wanamtaa wakadai haki yao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini siha ya mtoto aliyekwisha kudhurika na risasi hairejeshwi na hukumu ya kadhi wala ya jaji.

Sasa jinsi hizi zote zinapochanganywa, kila moja huiharibu mwenziwe. Mchuzi huilowesha karatasi isiwe na mnunuzi, vipande vya plastiki huifisidi mboji, na sindano iliyofichwa ndani ya maganda humchoma mkono mzoa taka, mtu ambaye twamhitaji kila siku na ambaye heshima tunayompa ni haba mno. Huko jaani, taka za chakula zilizofukiwa pasipo hewa hutoa gesi ya methani ishikayo moto kwa wepesi, na maji ya mvua yanayopenya rundo huchukua sumu yake mpaka visimani. Rundo lenyewe nalo lina mauti yake: tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi katika viunga vya Kampala liliporomoka likazifukia nyumba za jirani, na watu zaidi ya thelathini wakafa.

Sisi tulikuwa na jaa la Kibarani, penye daraja la Makupa, ambako mgeni aingiaye kisiwani alilakiwa na moshi na uvundo, huku taka zikimomonyokea baharini. Lilipofungwa mwaka 2018 tulifurahi, na kwa hakika ilistahiki kufurahi. Lakini taka zilihamishiwa Mwakirunge, na Mwakirunge nako kuna watu wenye pua na mapafu kama sisi. Sioni insafu katika kuiondolea barabara kuu dhila hii ili kuwatwika wale wasioonekana na wapita njia.

Wapo wasemao, na hoja yao si dhaifu, kwamba hakuna faida ya mtu kutenga taka nyumbani ilhali mkokoteni utakuja kuzichanganya tena. Ni kweli. Ndiyo maana kazi hii haimfai mtu mmoja mmoja, bali mtaa mzima: wakazi wapatane na wazoa taka wao siku za kuchukua zinazooza na siku za kuchukua kavu, na ada wanayolipa iwe ni kwa sharti hilo, ili yule mzoa taka naye apate plastiki safi ya kuuza. Sheria iko upande wao, kwani Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwisha kuamrisha taka zinazooza zitengwe na zisizooza.

Wala kaunti haina udhuru. Iwekee taka zinazooza mahali pa kutengenezea mboji, na ianze na soko la Kongowea, ambalo halihitaji hata kufundishwa kutenga, kwa kuwa marundo ya majani ya kabichi, maganda na matunda yaliyooza yanayotoka humo kila siku tayari ni ya jinsi moja, na wakulima wa Kisauni na Kilifi wanaohitaji mboji hiyo hawako mbali.