Aya, Neno, Herufi: Mofimu Iko Wapi? Maoni Kuhusu Uhuishaji wa Matini katika Slaidi

Katika makala haya mafupi tunakusudia kutetea rai moja: kwamba mwalimu wa isimu ya Kiswahili anayefundisha kwa slaidi hana budi kujifunza kuziongoza kwa skripti aliyoiandika mwenyewe. Sababu ni kwamba vipashio alivyoandaliwa na watengenezaji wa programu sivyo vipashio vya lugha anayoifundisha.

Tuanze na chombo chenyewe. Programu ya PowerPoint ilitolewa mwaka 1987. Toleo la 97 liliipatia lugha ya kuandikia skripti, Visual Basic for Applications, na toleo la 2002 likaongeza sehemu iitwayo TimeLine, inayotunza mfuatano wa vitendo vya uhuishaji katika kila slaidi. Kwa amri ya AddEffect, mwandishi hutaja kitu kinachohuishwa, aina ya mwendo, na kichocheo chake: kubofya kipanya, au kumalizika kwa tendo lililotangulia. Kwa amri nyingine, ConvertToTextUnitEffect, huamua iwapo matini yajitokeze kwa aya, kwa neno au kwa herufi. Hapo ndipo orodha inapokoma.

Kwa Kiingereza mgawo huu huenda ukaridhisha, kwani mengi ambayo kitenzi cha Kiswahili huyabeba kwa viambishi, Kiingereza huyasema kwa maneno yaliyotengana. Lakini tuchukue kitenzi "hawatatupigia". Kikihuishwa kwa neno, hujitokeza chote kwa mkupuo mmoja. Ukanushi, nafsi ya mtenda, njeo, nafsi ya mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea vyote hubaki vimefumbwa. Kikihuishwa kwa herufi, mwanafunzi huona herufi 13 zikipita bila kujua mpaka uko wapi. Kitenzi hicho kina mofimu 7, "ha-wa-ta-tu-pig-i-a", na silabi 7 vilevile, "ha-wa-ta-tu-pi-gi-a". Idadi ni moja, mipaka ni mbalimbali. Na tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Hali kadhalika, mshororo wa mizani 16 huhesabiwa kuwa aya moja, na hakuna amri ya kuutenga ukwapi na utao.

Skripti huondoa kizuizi hiki. Mwalimu huandika orodha ya maneno akitia kistari penye kila mpaka. Skripti hukiweka kila kipande katika kisanduku chake cha matini, kimoja kikianzia pale kingine kinapoishia, kisha hukipa kila kisanduku tendo lake. Isitoshe, vitendo vilivyokwisha kuundwa hubaki katika faili hata skripti ikiondolewa. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro katika faili zitokazo kwenye intaneti.

Wapo watakaosema kwamba chaki ilitosha. Hoja hiyo ina ukweli, nasi tunaikubali kwa manufaa yetu. Mwalimu wa chaki aliandika "ha-", akanyamaza, akauliza swali, ndipo akaandika "-wa-". Slaidi iliyoandikwa tayari ilimpokonya mwalimu ule mkono, skripti humrudishia. Hatutetei, basi, herufi zinazoruka na kuzunguka ukutani, bali mpangilio wa kufunua hoja hatua kwa hatua.

Wengine watahofu kwamba uchanganuzi utaachiwa mashine. Mambo ni kinyume. Kompyuta haijui mofimu. Hutii kistari ilichopewa. Mwalimu anapofika kwenye neno "amekuja", sharti aamue: "-ku-" ni mofimu inayojitegemea au ni sehemu ya shina? Mbona basi haionekani katika "haji"? Ubaoni angeweza kulipitia swali hilo juu juu; katika orodha ya skripti hapana nafasi ya kusitasita. Kuandika mipaka ni kuandika uchanganuzi, na uchanganuzi ulioandikwa waweza kuhojiwa na mwingine.

Ni rai yetu, kwa hiyo, kwamba mafunzo ya uzamili katika Kiswahili yatenge nafasi ya uandishi wa skripti fupi za aina hii. Anayevipokea vipashio vya chombo bila kuvihoji hatimaye atafundisha kile ambacho chombo kinaweza kukionyesha, na kukiacha kile ambacho lugha inacho.