Mtoto Akitapika Kila Asubuhi, Tusiishie kwenye Dawa ya Malaria

Wazazi wenzangu, walimu, wauguzi wa zahanati, naomba niwasemeshe kuhusu ugonjwa tusiouzungumza sana: uvimbe kwenye ubongo wa mtoto. Ni ugonjwa wa nadra, na watoto wengi wanaoumwa kichwa hawana uvimbe wowote. Lakini unapompata mtoto, kila wiki inayopita kabla haujajulikana ina gharama yake, na wiki nyingi hupotelea mikononi mwetu, kabla bingwa yeyote hajamwona.

Tazama unavyotudanganya. Mtoto anaamka analalamika kichwa, anatapika, anapata nafuu, anakunywa uji na kwenda shule. Mama anamshukuru Mungu. Kesho yake ni yaleyale. Sababu ipo. Uvimbe unaoota nyuma ya ubongo, kama ile saratani ambayo madaktari huiita meduloblastoma, huweza kuziba njia ya maji ya ubongo. Mtoto akilala usiku, mgandamizo ndani ya fuvu huongezeka. Akiamka na kusimama, hupungua. Basi anapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya minyoo, na kila dawa inaonekana imefanya kazi kwa kuwa ikifika saa nne mtoto anacheza.

Zishikeni dalili hizi: kuumwa kichwa au kutapika kunakojirudia, hasa asubuhi, kuyumba anapotembea, makengeza yaliyoanza juzijuzi au kuona kitu kimoja kama viwili, shingo kuinamia upande, degedege bila homa, mtoto mchangamfu kupoa na kusinziasinzia. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinachokua haraka na utosi uliovimba. Kupima malaria ni sawa, tena ni lazima. Ila kichwa au kutapika kukiendelea wiki mbili, au dalili mbili zikikutana, usiridhike na vidonge, omba rufaa. Kuyumba na degedege bila homa visisubiri hata hizo wiki mbili.

Kwamba kujua dalili kunasaidia, Uingereza wamelithibitisha. Mwaka 2006 muda wa kati tangu dalili ya kwanza hadi uvimbe kugunduliwa ulikuwa wiki 14 na siku kadhaa. Watafiti wakawaandikia madaktari mwongozo, na mwaka 2011 ikaanzishwa kampeni ya HeadSmart, iliyowapa wazazi na shule kadi ndogo zenye dalili. Kufikia 2013 muda ule ulikuwa umeshuka chini ya wiki 7. Wengi zaidi walikuwa wameshajua cha kuangalia. Hilo nasi tunaliweza.

Walimu, ninyi mna daftari. Linganisheni ukurasa wa Januari na wa leo. Mwandiko uliokuwa umenyooka ukianza kupanda na kushuka, mpelekeni mtoto uwanjani, atembee juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu ulio nyuma. Akishindwa jambo wanaloliweza wenzake wa rika lake, mwiteni mzazi. Msimchape kwa uvivu.

Wauguzi, pamoja na mizani kuna utepe, ule wa fundi cherehani. Uzungusheni juu kidogo ya nyusi hadi kisogo kilipotokeza zaidi, kisha andikeni namba kwenye kadi. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na takriban sentimita 35, na akitimiza mwaka hukaribia 46. Namba moja haisemi mengi. Angalieni inavyopanda mwezi hadi mwezi.

Viongozi wa dini na waganga, watu huja kwenu mapema kuliko wanavyokwenda hospitali. Dua na rufaa havigombani. Mwombeeni mtoto, kisha mumhimize mzazi aende.

Na akienda, tiba ipo. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) hufanya upasuaji wa ubongo, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mionzi, na Muhimbili ina wodi ya watoto wenye saratani, wanaosaidiwa pia na shirika la Tumaini la Maisha. Mbale, Uganda, hospitali ya CURE imejulikana duniani kwa tiba ya kichwa maji, yaani yale maji ya ubongo yanapokwama na kujaa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 liliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030.

Lengo hilo linahitaji takwimu zetu. Mtoto anayefia nyumbani bila kipimo haingii kwenye hesabu yoyote, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Kwa hiyo malizeni tiba, rudini kliniki hata mtoto akionekana mzima, na watafiti wakiwaomba ridhaa ya kumshirikisha mtoto kwenye utafiti, waulizeni maswali yenu yote kabla ya kuamua.

Wiki hii, nakilini dalili zile kwa mkono. Zibandikeni mlangoni pa zahanati, ofisi ya walimu, ubao wa msikiti na wa kanisa. Zisomwe kwenye kikao cha wazazi. Na kama mtaani kwako yupo mtoto anayetapika kila asubuhi, nenda kaongee na mzazi wake leo, na kama nauli ya hospitali ya wilaya haimtoshi, mchangieni.