Kalamu ya Upatu

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Rukia Makame

Jumamosi iliyopita nilikwenda saluni Sinza kusuka, nikakuta kikao. Wanawake watatu wamejibanza nyuma ya pazia, pale wanapooshewa watu nywele, na katikati yao kuna kopo la aisikrimu lenye barafu iliyokwisha kuwa maji. Mmoja akatoa kalamu ya sindano, ya aina ile wanayotumia wagonjwa wa kisukari, akazungusha kitako chake, tik, tik, tik, akainua blauzi na kujichoma kando ya kitovu. Akachomoa sindano, akaweka mpya, kalamu akampa jirani. Jirani naye akazungusha, akajichoma. Wa tatu alikuwa amefumba macho akisubiri zamu yake, kama mtoto wa kliniki.

"Da Rukia, haya usije ukayapeleka gazetini," mwenye saluni akanionya.

"Nitayapeleka bila majina," nikamjibu, tukacheka.

Kumbe ni upatu wa kalamu za Ozempic, za kupunguza mwili. Kalamu moja ni ghali, kwa hiyo wanachanga, wananunua, na kila Jumamosi wanakutana kuchoma. Ikiisha wanachanga tena. Mmoja ana harusi ya mdogo wake Desemba, na fundi ameshakata sare kwa vipimo vya mwili ambao mwenyewe bado hajaupata. Muuzaji wao yuko kwenye simu tu, hawajawahi kumwona sura. Mzigo huletwa na bodaboda. Nilipouliza cheti cha daktari walinitazama kana kwamba nimeulizia risiti ya nyanya sokoni.

"Ni kozi ya miezi mitatu, shoga," akanielimisha yule wa harusi. "Ukimaliza, umemaliza."

Sikubishana. Kichwa changu kilikuwa mikononi mwa msusi, na mtu aliyesukwa nusu hana ubavu wa kugombana. Leo nimeshasukwa, nasema.

Nianze kwa kukiri, maana najua wapo wasomaji wanaongoja niseme dawa hizi ni uongo mtupu. Si uongo. Zinapunguza mwili. Semaglutaidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, ilijaribiwa kwa watu 1,961 wenye uzito uliopita kiasi na wasio na kisukari, matokeo yakachapishwa 2021. Kwa wiki 68 kundi moja lilichomwa dawa, jingine likachomwa kitu kisicho na dawa, na wote wakapewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9. Wenzao, asilimia 2.4. Chukua mama wa kilo 100: ameshusha kilo 15, yaani robo tatu ya ile ndoo ya lita 20 unayojitwisha kutoka bombani.

Ukila, utumbo hutoa homoni inayokwenda kuuarifu ubongo kwamba chakula kimefika. Ile ya asili huvunjika mwilini ndani ya dakika chache. Ya kwenye kalamu imetengenezwa ifanane nayo lakini idumu wiki nzima. Tumbo linachelewa kushusha chakula, ubongo unaamini umeshiba. Mtu aliyekuwa akitazama taarifa ya habari huku akili yake iko jikoni, kwenye chapati mbili zilizobaki ndani ya hotipoti, sasa anaitazama taarifa mpaka hali ya hewa, na chapati zinalala. (Dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa kwenye sumu ya mjusi wa jangwani. Waganga wetu wakisoma hapa watapandisha bei.)

Habari hiyo ya chapati ina uzito kuliko harusi ya Desemba. Miaka yote tumewaambia watu wanene kwamba hawana nidhamu, wafunge mdomo. Sasa tumeona miligramu mbili na ushei kwa wiki zikimfanya mtu yuleyule, nyumba ileile, mbele ya sinia lilelile la pilau, asogee pembeni na kunawa mikono. Nidhamu haiuzwi kwa miligramu. Kumbe njaa ile ilikuwa ya mwili, na sisi tulikuwa tukimtukana mgonjwa.

Lakini hapohapo ndipo "kozi ya miezi mitatu" inapoharibika. Dozi ya Wegovy haianzi na nguvu zake zote. Mtu huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5 wiki nne, kisha 1, kisha 1.7, na kuifikia ile kamili ya 2.4 katika wiki ya 17. Inapandishwa polepole ili tumbo lizoee, kwa sababu kichefuchefu, kutapika, kuharisha na choo kigumu huwapata wengi. Piga hesabu sasa. Anayeacha baada ya miezi mitatu amelipa nauli ya Arusha na kuteremka Chalinze.

Na aliyefika Arusha? Watafiti wa majaribio yaleyale waliendelea kuwafuatilia watu 327 baada ya dawa kusimamishwa. Ndani ya mwaka mmoja, wale waliokuwa wamechomwa dawa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa mtu wa kilo 100, kilo 17 zilikwenda na karibu 12 zikarudi. Hawakurogwa. Homoni imeondoka, njaa imerudi kwenye kiti chake, na mwili uliopunguzwa hudai chake.

Mama yangu anameza dawa ya presha tangu 2006, na hakuna aliyewahi kumuuliza kozi yake inaisha lini. Unene wa kiwango cha ugonjwa uko hivyohivyo. Anayeuanzia dawa inabidi ajiulize kama ataweza kuilipia mwaka wa tatu, si kama atatosha kwenye sare. Muuzaji wa kwenye simu hatamki hilo. "Miezi mitatu" inauzika. "Miaka mingi" inamkimbiza mteja.

Dunia, hata hivyo, ilishapita njia hii ya dawa za kupunguza mwili. Marekani ya miaka ya 1990 ilikuwa na mchanganyiko wake wa kuua hamu ya chakula, fenifluramini na fentamini. Kila moja ilikuwa imeruhusiwa peke yake. Madaktari wakaziandika pamoja, watu wakapungua, kliniki zikajaa. Agosti 1997 madaktari wa Mayo Clinic wakaripoti wanawake 24 waliotumia mchanganyiko huo na kukutwa na ubovu wa vali za moyo. Septemba, fenifluramini ikaondolewa sokoni. Fentamini yenyewe ipo mpaka leo, tangu 1959, lakini ni ya muda mfupi na si ya mtu mwenye ugonjwa wa moyo, maana inahusiana na amfetamini na hupandisha mapigo na presha.

Kisa cha Ufaransa ndicho kinachonikosesha usingizi. Kampuni ya Servier ilianza kuuza dawa iitwayo Mediator mwaka 1976. Kwenye makaratasi ilikuwa ya wagonjwa wa kisukari wenye unene. Vyumbani kwa madaktari ikaandikwa hata kwa watu waliotaka kupungua tu. Mwilini, Mediator huvunjika na kuwa kitu kilekile kinachotokana na fenifluramini. Kwa hiyo wakati fenifluramini inazikwa 1997, binamu yake aliendelea kukaa kwenye rafu za maduka ya dawa ya Ufaransa miaka 12 zaidi, mpaka 2009, baada ya daktari mmoja wa mapafu katika mji wa Brest, Irène Frachon, kuanza kufungua mafaili ya wagonjwa wa moyo na kuuliza kila mmoja alikuwa akimeza nini. Watu karibu milioni 5 walishaitumia. Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia Servier hatiani kwa udanganyifu uliokithiri na kuua bila kukusudia, ikaitoza faini ya euro milioni 2.7. Na hiyo ni nchi yenye cheti, yenye bima, yenye mfamasia anayekuuliza maswali. Sisi tuna kopo la aisikrimu.

Siisemi vibaya semaglutaidi kwa dhambi za wengine. Ni ukoo tofauti, na ina ushahidi ambao wale wazee hawakuwahi kuwa nao: katika majaribio ya watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa, yaliyochapishwa 2023, ilipunguza vifo vya moyo, shambulio la moyo na kiharusi kwa asilimia 20. Tofauti ni kwamba safari hii mtu aliupima na moyo, hakuridhika na mizani.

Sibutramini nayo ilipopimwa hivyo ilianguka. Iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990; watu wapatao 10,000 wakafuatiliwa; mwaka 2010 ikadhihirika inaongeza mashambulio ya moyo na viharusi, ikaondolewa Ulaya na Marekani. Ila haikufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikiikuta mwaka baada ya mwaka imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vya kupunguza mwili vinavyoitwa vya asili. Wewe unayekunywa chai ya kukata tumbo, kinywa kikakauka, moyo ukadunda, usingizi ukapotea, na muuzaji akakwambia ni sumu zinatoka mwilini: huenda sumu ndiyo inaingia.

Nakumbuka, na sijazeeka hivyo, enzi ambazo "umenenepa" ilikuwa pongezi. Mtu akirudi kutoka safari amenawiri, shangazi anapiga kigelegele. Kukonda kulitisha. Mwaka 1985 madaktari waliokuwa wakiandika kuhusu UKIMWI, ugonjwa mpya wakati huo nchini Uganda, waliutaja kwa jina ambalo wanakijiji walikuwa wameshaupa, "Slim". Tuliokua miaka iliyofuata tunajua jinsi mtu aliyepungua ghafla alivyokuwa akinong'onwa msibani na hata harusini. Leo wanawake watatu wanalipia kukonda, na wanachangia kalamu kwa njia ambayo ingemtoa machozi muuguzi yeyote wa miaka ile.

Maana hapo ndipo pamenichoma zaidi ya yote. Walibadilisha sindano, wakadhani wamemaliza. Kubadilisha sindano hakutoshi. Mtu anapojichoma, damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya kichupa cha kalamu, na anayefuata akajichoma nayo. Ndiyo maana kalamu moja ni ya mtu mmoja, hata mama na mwanawe hawachangii. Tumefundishwa kutochangia nyembe tangu shule ya msingi, tumeimba, tumechora mabango. Kalamu imekuja na sura ya kistaarabu, tumesahau wimbo.

Na kuna barafu pia. Kabla ya kuanza kutumika, kalamu ya Ozempic inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inavumilia siku 56, lakini chini ya nyuzi 30. Bodaboda ya kutoka Kariakoo mpaka Sinza saa saba mchana, na foleni ya Magomeni, unaijua mwenyewe. Na hapo tunadhania kilichomo ni Ozempic kweli. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia ilipenya huko, muuzaji asiye na sura atakuwa na kinga gani?

Mwenye saluni, najua unalisoma gazeti hili, kwa sababu ndilo unalofungia rasta. Jumamosi hii pazia libaki wazi. Kalamu ile usiitupe jalalani, ipeleke kituo cha afya ikateketezwe na sindano zake. Mwenye harusi ya Desemba, mwambie fundi aongeze kitambaa ubavuni. Kama unene unakuumiza magoti au umeshakupandishia sukari, una haki ya kutibiwa, na kwa dawa hizi pia: nenda kwa daktari, upimwe presha na sukari, useme kama kwenu yupo aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, na useme kama unataka mtoto, maana semaglutaidi inabidi iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba.

Ila kabla ya hayo yote, nyote watatu nendeni mkapime homa ya ini na VVU, na mrudie kipimo kwa tarehe mtakayopewa. Kupima VVU katika vituo vya serikali ni bure.